ASIYEKUWAPO NA LAKE LIPO
Somo juu ya sheria ya talaka kwa askari wa Marekani



Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Ndivyo mambo yanavyokwenda barazani: aliye mbali husahauliwa, na haki yake hugawanywa na wale waliohudhuria. Basi tuulize: itakuwaje ikiwa asiyekuwapo ni askari, aliyetumwa ng'ambo ya bahari na serikali yake mwenyewe, na huku nyuma ndoa yake imepelekwa mahakamani? Na tuulize upande wa pili pia: itakuwaje kwa mke aliyehama naye kutoka kambi hata kambi, akaiacha kazi yake kila walipohama, akalea watoto peke yake wakati wa vita, na sasa anaambiwa kwamba ndoa imekwisha na pensheni ni ya askari peke yake?

Leo tutajifunza jinsi sheria za Marekani zinavyoyajibu maswali hayo mawili. Wala habari hii si ya mbali nasi kama inavyodhaniwa. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilitangaza mpango wa kuandikisha jeshini wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Mpango ule ulisimamishwa mwaka 2016, lakini vijana wa Afrika ya Mashariki walioingia kwa njia ile, na kwa njia nyingine, wana wake, waume na watoto, na wazazi wao wako huku nyumbani. Siku ndoa inapoyumba, simu hupigwa kwa baba na mama. Mzazi atatoa shauri gani, naye hajui sheria inasema nini?

Tusieleweke vibaya kwamba twaisifu talaka. Mganga afundishaye dalili za ugonjwa hausifu ugonjwa. Twafundisha ili, kama msiba umekwisha kuingia nyumbani, pasiwe na mtu atakayeongezewa msiba wa pili kwa kutojua.

1. Ni nani atoaye talaka?

Wengi hudhani kwamba askari huachana na mkewe mbele ya wakuu wake, au katika mahakama ya kijeshi. Sivyo. Jeshi la Marekani halitoi talaka. Hata serikali kuu ya nchi haina sheria ya talaka. Nchi ile ina majimbo 50 (twasema majimbo ya serikali, si majimbo ya Kanisa), na kila jimbo lina sheria yake ya ndoa. Kwa hiyo askari huenda katika mahakama ya kiraia ya jimbo kama raia mwingine ye yote.

Lakini ni jimbo gani? Hapo ndipo ugumu unapoanza. Askari aweza kuwa na makao yake ya kisheria katika Texas, akawa amepangiwa kambi ya Virginia, na mkewe amerudi kwa wazazi wake Ohio. Mara nyingi shauri laweza kufunguliwa katika jimbo mojawapo kati ya hayo matatu, mradi masharti ya ukaazi ya jimbo lile yatimizwe. Kwa mtu asiyejua, yote ni sawa, naye huchagua mahakama iliyo karibu.

Yote si sawa. Mahakama yaweza kuwa na uwezo wa kuvunja ndoa, isiwe na uwezo wa kuigawanya pensheni ya jeshi. Sheria ya serikali kuu yasema kwamba mahakama huweza kuigusa pensheni ikiwa tu askari ana makao yake ya kisheria katika jimbo lile, au anakaa pale kwa sababu isiyo amri ya jeshi, au amekubali kuhukumiwa pale. Kwa hiyo mke aliyefungua shauri katika jimbo ambalo mumewe yupo kwa amri ya jeshi tu aweza kupata hati ya talaka na kukosa pensheni. Swali la kwanza kwa wakili na liwe hili: je, mahakama hii ina uwezo juu ya pensheni?

Katika kambi za jeshi wako mawakili wanaowashauri askari na jamaa zao bila malipo. Lakini kwa kawaida mawakili hao hawasimami mahakamani katika shauri la talaka, wala ofisi moja haiwashauri mume na mke pamoja. Kwa hiyo kila upande hupaswa kumtafuta wakili wake mwenyewe wa kiraia.

2. Ngao ya asiyekuwapo

Tangu mwaka 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani waliona si haki askari ashindwe shauri nyumbani kwa sababu yuko vitani. Wakatunga sheria ya kumlinda, wakaitunga tena mwaka 1940, na mwaka 2003 wakaiandika upya. Sheria hiyo ina mambo makuu mawili kwa habari ya talaka.

Jambo la kwanza lahusu askari asiyefika mahakamani kabisa. Katika mashauri ya kawaida, mdaiwa asipojibu, mahakama huweza kutoa hukumu kwa kumsikiliza mdai peke yake. Kwa askari haiwi hivyo. Kabla ya hukumu ya namna hiyo, mdai sharti alete hati ya kiapo inayosema kama mdaiwa yuko katika utumishi wa jeshi au hayuko. Mwenye kuapa uongo akijua ni uongo aweza kutozwa faini au kufungwa hata mwaka mmoja. Ikionekana kwamba mdaiwa ni askari, mahakama hairuhusiwi kutoa hukumu mpaka imteue wakili wa kumsimamia. Na kama hukumu imetolewa hata hivyo wakati yuko kazini, askari aweza kuomba ifunguliwe tena hata siku 90 baada ya kuondoka jeshini, akionyesha kwamba utumishi wake ulimzuia kujitetea na kwamba anayo hoja ya haki ya kusema.

Jambo la pili lahusu askari aliyepata habari ya shauri lakini hawezi kufika. Huyo aweza kuomba shauri liahirishwe. Akileta barua inayoeleza jinsi kazi yake inavyomzuia na ni lini ataweza kufika, pamoja na barua ya mkuu wake inayothibitisha kwamba kazi yamzuia na kwamba likizo haijaruhusiwa, mahakama hulazimika kuahirisha kwa muda usiopungua siku 90. Akihitaji muda zaidi aweza kuomba tena. Mahakama ikimkatalia nyongeza hiyo, sharti imteulie wakili. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliongeza maneno wazi kwamba ulinzi huu wahusu pia mashauri ya malezi ya watoto.

Tazameni vema mpaka wa ngao hii. Yaahirisha shauri, haifuti shauri. Askari hawezi kujificha nyuma yake miaka na miaka. Mahakama itauliza kama kweli kazi yamzuia, au kama yeye mwenyewe hataki kufika. Sheria yamlinda asihukumiwe bila kusikilizwa. Haimlindi asitimize wajibu wake.

3. Chakula cha nyumbani wakati shauri lingojapo

Shauri laweza kungoja siku 90, lakini tumbo la mtoto haliwezi kungoja. Kwa hiyo majeshi yana kanuni zinazomwamuru askari awape jamaa zake masurufu hata kabla mahakama haijatoa amri. Jeshi la nchi kavu lina kanuni yake ijulikanayo kwa namba 608-99. Mke asiyepata kitu aweza kumwandikia mkuu wa kikosi cha mumewe. Mkuu hawezi kuutia mkono wake katika mshahara na kuutoa. Lakini aweza kumwamuru askari atoe, na askari asiyetii huweza kuadhibiwa.

Amri ya mahakama ina nguvu zaidi. Mishahara ya watumishi wa serikali kuu, na ya askari pia, yaweza kukatwa moja kwa moja kwa ajili ya matunzo ya watoto na ya mke. Tena deni la matunzo ya watoto likifikia kiasi cha miezi miwili, mamlaka ya jimbo inayosimamia matunzo yaweza kuomba mshahara wa askari ukatwe bila ridhaa yake.

Na askari asifikiri kwamba kufungua shauri tu kumemfanya mtu huru. Mpaka hati ya talaka itolewe, yeye ni mume wa mtu, na katika sheria ya kijeshi ya Marekani uzinzi unaoharibu nidhamu au heshima ya jeshi ni kosa la kushtakiwa.

4. Pensheni ni ya nani?

Hili ndilo lililowasumbua zaidi. Askari wa Marekani akitumikia miaka 20 hupata haki ya pensheni, ambayo kwa walioingia katika utaratibu wa zamani ni kama nusu ya mshahara wake wa msingi, maisha yake yote. Kwa jamaa nyingi za askari, pensheni hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote. Nyumba hawana, kwa kuwa wamehamahama, shamba hawana, wanayo miaka waliyoitumikia.

Tarehe 26 Juni 1981, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri lijulikanalo kwa jina la McCarty, kwamba kwa sheria iliyokuwapo wakati ule majimbo hayakuwa na ruhusa ya kuigawanya pensheni ya jeshi kati ya mume na mke. Majaji wenyewe walikiri kwamba mke aweza kuumia, wakasema kulirekebisha jambo hilo ni kazi ya Bunge. Wake wa askari walilia, na Bunge likasikia. Mwaka uliofuata, Septemba 1982, ilipitishwa sheria ya kuwalinda wenzi wa zamani wa askari.

Sheria hiyo haisemi kwamba mke apewe nusu. Yasema tu kwamba jimbo likitaka laweza kuihesabu pensheni kuwa mali ya ndoa na kuigawanya kwa sheria zake. Mathalan, askari ametumikia miaka 20, na katika miaka hiyo 12 alikuwa na mke wake. Wakaachana alipostaafu, na pensheni yake ni dola 2,000 kwa mwezi. Mahakama nyingi huhesabu hivi: miaka 12 katika 20 ni asilimia 60, yaani dola 1,200. Hiyo ndiyo sehemu iliyochumwa wakiwa pamoja. Nusu yake ni dola 600, nayo ni fungu la mke. Zile dola 800 zilizochumwa nje ya ndoa hazigawanywi.

Hapa yako makosa mawili yanayorudiwa kila siku. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mke asiyetimiza miaka 10 hana fungu. Ukweli ni huu: miaka 10 ya ndoa iliyokwenda sambamba na miaka 10 ya utumishi ni sharti la ofisi ya malipo ya jeshi kumpelekea mke fungu lake moja kwa moja. Aliyekaa miaka 9 aweza bado kupewa fungu na mahakama, ila atalipokea mkononi mwa mume wake wa zamani, wala si kutoka serikalini. Na kila mmoja aweza kufikiri mwenyewe ugumu wa kudai mkononi mwa mtu mliyeachana. Tena malipo ya moja kwa moja kwa ajili ya mgawanyo wa mali hayapiti asilimia 50 ya pensheni inayogawanyika.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mke ataongezewa kila mume apandapo cheo baada ya talaka. Zamani baadhi ya majimbo yalihesabu hivyo. Lakini kwa sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2016, ikiwa talaka imetolewa kabla askari hajastaafu, fungu huhesabiwa kwa cheo na miaka aliyokuwa nayo siku ya talaka, pamoja na nyongeza za kupanda kwa gharama za maisha. Aliyeachwa na sajini atahesabiwa kwa mshahara wa sajini, hata kama yule sajini atakuwa ofisa baadaye.

5. Fungu linaloweza kupungua

Yako malipo mengine ambayo mahakama hairuhusiwi kuyagawanya: fidia ya serikali kwa askari aliyeumia au kuugua kwa sababu ya utumishi. Fidia hiyo haitozwi kodi, na wengi wanaoipokea hulazimika kuacha kiasi kilekile katika pensheni yao. (Mwenye kiwango cha ulemavu cha asilimia 50 au zaidi, aliyetimiza miaka 20, kwa kawaida hupokea vyote viwili.) Basi pensheni ikipungua, na fungu la mke hupungua.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kiasi kilichoachwa kwa ajili ya fidia hiyo hakigawanywi. Mwaka 2017, katika shauri la Howell lililotoka Arizona, iliamua zaidi. Wale wawili waliachana mwaka 1991, na mke akapewa nusu ya pensheni. Mwaka 2005 mume alikubaliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 20, akaacha kama dola 250 za pensheni kwa mwezi ili apate fidia; fungu la mke likapungua kwa dola 125. Mahakama za Arizona zilimwamuru mume alijaze pengo. Mahakama ya Juu ikasema: hapana, majimbo hayana uwezo wa kutoa amri hiyo.

Yafaa kutoa haki kwa pande zote mbili. Askari aliyeumia atasema: hii ni bei ya mwili wangu, si mali ya kugawanywa. Mke naye atasema: nilihukumiwa fungu, nami nilipanga maisha yangu kwa fungu hilo. Kila mmoja asema neno la kweli. Ndiyo maana majaji wenyewe walikumbusha kwamba mahakama, inapogawa mali au kupanga matunzo, yaweza kufikiri mapema kwamba siku moja pensheni itapungua. Shauri letu: jambo hili lizungumzwe kabla ya kutia sahihi, si baada ya miaka 14.

Lakini kwa watoto mambo ni mengine. Tangu mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilikwisha kuamua kwamba fidia ya ulemavu yaweza kuhesabiwa kuwa pato la baba anapoamriwa kuwatunza watoto wake. Mkate wa baba ni mkate wa mtoto pia.

6. Miezi miwili iliyopungua

Jamaa za askari hupata matibabu kwa mpango uitwao TRICARE, na hununua vitu kwa bei nafuu katika maduka ya kambini. Talaka ikitolewa, mwenzi huyapoteza hayo, isipokuwa ametimiza hesabu tatu: ndoa iliyodumu miaka 20, utumishi wa miaka 20, na miaka 20 ambayo ndoa na utumishi vilikwenda pamoja. Aliyezitimiza zote tatu huendelea na matibabu maadamu hajaolewa tena wala hajajiunga na bima ya mwajiri wake. Kama ndoa ni miaka 20 na utumishi ni 20, lakini iliyokwenda pamoja ni 15 au zaidi bila kufika 20, hupewa matibabu kwa mwaka mmoja tu.

Sasa fikirini mke aliyekaa na mumewe miaka 19 na miezi 10. Amezaa watoto, amehama mara nane, ameugua kisukari. Ametia sahihi upesi kwa uchungu, akitaka mambo yaishe. Amekosa hesabu ya 20 kwa miezi miwili. Hata ule mwaka mmoja hapewi. Aweza kununua bima ya muda kwa fedha zake, mara nyingi kwa miezi isiyozidi 36, na baada ya hapo ajitafutie. Hakimu hakumdhulumu, wala jeshi halikumdhulumu; kalenda ilihesabiwa mpaka siku ya hati ya talaka, naye hakuitazama kalenda.

Watoto wa kuzaliwa na wa kupangwa hawapotezi matibabu kwa sababu ya talaka. Huendelea mpaka miaka 21, au 23 wakiwa masomoni. Lakini mtoto wa kambo, ambaye askari hakumfanya mwanawe kisheria, hupoteza.

Liko na jambo la kifo. Pensheni hufa pamoja na mstaafu. Siku anapozikwa, fungu la mke wa zamani hukatika pia. Dawa yake ni mpango wa warithi, ambao humlipa aliyebaki asilimia 55 ya kiasi kilichowekewa bima. Kama ni dola 2,000, hupata 1,100 kwa mwezi. Mke wa zamani aweza kuwekwa katika mpango huo, lakini karatasi sharti zifike katika ofisi ya malipo ya jeshi katika muda wa mwaka mmoja. Askari ana mwaka mmoja tangu talaka. Naye akikataa au akisahau, mke aweza kuomba mwenyewe katika mwaka mmoja tangu amri ya mahakama iliyompa haki hiyo. Haitoshi kwamba hati ya talaka imeandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni ile karatasi isiyopelekwa.

7. Watoto

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Mtoto wa askari amezoea kumuaga baba au mama kila mara. Talaka humwongezea kuaga kusikokwisha.

Zamani askari wengi waliogopa kwamba wakienda vitani wenzao wangewachukulia watoto, wakisema: mwangalieni, hayupo kamwe. Tangu mwaka 2014 sheria ya serikali kuu yakataza mahakama kumnyima askari malezi ya kudumu kwa sababu tu ya kutumwa mbali. Amri ya muda iliyotolewa kwa sababu ya safari yake tu haina budi kukoma sababu hiyo iishapo. Baadhi ya majimbo yamepokea pia sheria ya mfano iliyoandikwa mwaka 2012, inayowasaidia wazazi kupatana mapema nani atakaa na mtoto na jinsi atakavyozungumza na mzazi aliye mbali. Askari anayelea mtoto peke yake hutakiwa na jeshi aandike mpango wa malezi. Lakini mpango huo si amri ya mahakama, wala hauondoi haki ya mzazi mwingine.

8. Penye hatari

Wako wake, na waume pia, wanaovumilia mapigo kwa hofu kwamba wakisema, askari atafukuzwa, pensheni itapotea, na watoto watakosa chakula. Wajue kwamba tangu mwaka 1992 sheria yasema: askari akipoteza haki ya pensheni kwa sababu ya kuwatendea ukatili jamaa zake, mwenzi aliyeumizwa aweza bado kulipwa fungu ambalo mahakama imempa. Tena jamaa za askari aliyeondolewa jeshini kwa kosa hilo huweza kupata malipo ya muda, hata miezi 36. Basi pensheni isiwe kamba ya kumfunga mtu mahali pa hatari.

9. Neno la Kanisa

Kwetu sisi Wakatoliki hati ya hakimu haikati kifungo cha ndoa halali ya Wabatizwa. Askari aliyetalikiwa na serikali bado ni mwenye ndoa mbele ya Kanisa, mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba tangu mwanzo ndoa ile haikuwa halali. Marekani liko Jimbo Kuu la Majeshi, lililopata hali hiyo mwaka 1985, nalo lina mahakama yake kwa ajili ya waamini wanajeshi. Papa Fransisko alirahisisha utaratibu mwaka 2015, hata hukumu ya kwanza ikitosha pasipo rufani.

Lakini yafaa kukumbuka mambo mawili. Kwanza, Katekisimu katika namba 2383 yafundisha kwamba, kama talaka ya serikali ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au urithi, yaweza kuvumiliwa, wala si dhambi. Pili, Sheria ya Kanisa, kanuni 1151 hadi 1155, yakubali wenzi kutengana kwa sababu nzito huku kifungo kikibaki. Na hapo sheria ya nchi yaweza kusaidia: katika majimbo mengi ya Marekani mahakama hutoa amri ya kutengana bila kuvunja ndoa. Katika hali hiyo ndoa bado ipo, kalenda yaendelea kuhesabiwa, na matibabu hayakatiki. Yule mke wa miaka 19 na miezi 10 angaliijua njia hii, asingalikosa lo lote.

Padre wa jeshi naye ni msaada mkubwa. Anayoambiwa kwa siri hawezi kulazimishwa kuyatoa, hata na mkuu wa kikosi. Yeye si wakili. Lakini wengi waliopatana walianzia chumbani kwake.

10. Mambo ya kushika

Mwanao akipiga simu kutoka ng'ambo na kusema ndoa yake yavunjika, kwanza msihi aende kwa padre, na apatane kama yawezekana. Isipowezekana, mwulize haya:

Mmeoana tarehe gani, na utumishi ulianza tarehe gani? Hesabu miaka kabla ya kutia sahihi.

Shauri limefunguliwa jimbo gani, na je, mahakama ile ina uwezo juu ya pensheni?

Kama uko kazini mbali, umekwisha kuandika barua ya kuomba kuahirisha, na mkuu wako ameandika yake?

Watoto wanakula nini mwezi huu?

Kama ulemavu utapunguza pensheni, hati yasema nini?

Na karatasi za mpango wa warithi, ni nani atakayezipeleka, na lini?

Maswali haya sita hayataki elimu kubwa. Mzazi aliyeko Songea au Machakos aweza kuyauliza kwa simu, na jibu moja laweza kuokoa matunzo ya miaka mingi.

Wamarekani walihitaji zaidi ya miaka 60, tangu 1918 hata 1982, kutoka kumlinda askari aliye mbali mpaka kumkumbuka na mwenzi aliyebaki nyumbani. Sheria zao bado zina mapengo, kama tulivyoona. Hata hivyo zimeshika jambo moja la haki: aliye mbali asihukumiwe bila kusikilizwa, na aliyebaki nyumbani asisahauliwe kwa kuwa hakuvaa sare. Kila nchi inayowatuma vijana wake mbali na wake zao ingefaa ijiulize kama imewatendea wote wawili vivyo hivyo.